Kilima Kilichojengwa kwa Kumkimbia Mbu

Picha yenyewe si kubwa, yatosha kiganjani. Ni kadi ya posta ya zamani ambayo rangi yake imegeuka kahawia, na pembe yake moja imeliwa na mende. Ilitoka katika sanduku la bati la marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, ambaye kila bandari aliyofika alinunua kadi moja wala hakumpelekea mtu. Nyuma yake hamna neno hata moja lililoandikwa kwa mkono. Mbele, chini kabisa, pamechapwa jina la mahali: Hill Station, Sierra Leone.

Ukiitazama kwa haraka utasema ni mandhari nzuri tu. Mteremko wa kilima umefyekwa miti, na juu yake zimepangwa nyumba za mbao zenye baraza pana, kila nyumba imeinuliwa juu ya nguzo ndefu, mfano wa korongo waliosimama majini. Nyuma yake ni msitu mzito. Mbali sana, chini, yaonekana bahari nyeupe kama bati, na kando ya bahari hiyo mapaa ya mji yamesongamana. Hapana mtu barazani. Pembeni tu, karibu na ngazi ya nyumba ya tatu, amesimama mtu mmoja Mwafrika aliyevaa nguo nyeupe, ameangalia upande mwingine, kana kwamba mpiga picha hakumtaka wala hakupata njia ya kumwondoa.

Nilimpelekea Mama Mkubwa picha hiyo aione, kwa sababu sanduku lilikuwa la nduguye. Umri wake unakaribia miaka 90 na macho yamepungua, lakini akivaa miwani na kukaa mlangoni penye mwanga, hapitwi na jambo. Aliitazama kwa kitambo kirefu. Mimi nilingoja aniulize habari za kaka yake na safari zake. Yeye akaweka kidole juu ya yule mtu wa nguo nyeupe.

"Huyu mwanangu, usiku alilala wapi?"

Nikamwambia, kwa kadiri nilivyosoma, kanuni ya kilima kile ilikuwa kwamba Waafrika wafanyao kazi za nyumbani washuke mjini jioni. Mchana waliruhusiwa, usiku hapana.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbu, Mama. Walisema mbu wa malaria huuma usiku, na kwamba Mwafrika ndiye aliyebeba ugonjwa katika damu yake."

Mama Mkubwa akavua miwani. "Na mbu naye," akauliza, "alishuka nao?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike habari hizi. Katika Afrika nzima ni mahali pachache ambapo mtaa mzima, pamoja na reli yake, umejengwa kwa ajili ya mdudu mmoja.

KABURI LA MZUNGU

Freetown si mji kama miji yetu ya pwani. Ulianzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Mwaka 1787 Waingereza waliwaleta pale baadhi ya maskini weusi wa London. Makazi hayo ya kwanza yaliteketezwa mwaka 1789. Mwaka 1792 wakaja watu 1,100 na ushei kutoka Nova Scotia, waliokuwa wamepata uhuru wao katika vita vya Marekani, na mwaka 1800 wakafuata Maroon wa Jamaica. Tangu mwaka 1808 pwani hiyo ikawa koloni la Kifalme, na baada ya Waingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, manowari zao zikawa zinakamata majahazi ya watumwa baharini na kuwashusha watu hao Freetown kwa maelfu. Katika mchanganyiko huo wakazaliwa Wakrio, wenye lugha yao, na nyumba zao za mbao juu ya misingi ya mawe, mtindo uliovuka bahari kutoka Amerika.

Watu hao walipenda elimu kupita kiasi. Chuo cha Fourah Bay kilianzishwa mwaka 1827, wakati ambapo sehemu kubwa ya bara hili haikuwa na shule ya aina hiyo hata moja. Kabla ya mwaka 1900 Freetown ilikwisha kutoa madaktari, mawakili, mapadri na wahariri. James Africanus Horton alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1859, akatumika kama daktari wa jeshi la Uingereza na kuandika vitabu. John Farrell Easmon, aliyeandika juu ya homa ya mkojo mweusi mwaka 1884, alikuwa daktari mkuu wa koloni la Gold Coast tangu mwaka 1893, na madaktari Wazungu walikuwa chini yake. Samuel Lewis, wakili, alikuwa meya wa kwanza wa Freetown mwaka 1895, na mwaka uliofuata akapewa heshima ya kuitwa Sir.

Naye Mzungu katika mji huo aliishi katikati ya watu. Alipanga nyumba ya Mkrio, akalipa kodi kwa Mkrio, akasikia vinanda vya kanisa la jirani. Na alikufa, tena haraka. Pwani ile ilijulikana Ulaya kwa jina la Kaburi la Mzungu. Kijana aliyeteuliwa kwenda kazini huko aliagwa na mama yake kama aendaye vitani. Wakati huo wote malaria ilidhaniwa kutoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na hata jina lenyewe la ugonjwa, ambalo asili yake ni Italia, maana yake ni hiyo hiyo: hewa mbaya.

Kisha hewa ikaachiliwa huru, na mbu akakamatwa. Ronald Ross, daktari katika jeshi la Waingereza nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu tarehe 20 Agosti, 1897, katika mji wa Secunderabad. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, shule mpya ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool ilimtuma Freetown pamoja na wenzake. Hapo walimkuta mbu aina ya anofelesi akiambukiza watu, na viluwiluwi vyake wakavikuta katika vidimbwi vidogo vidogo vya kando ya barabara na katika mifereji. Freetown hupata mvua nyingi mno, vidimbwi havikosekani. Ross alishauri jambo ambalo kila mama wa nyumbani angelielewa: fukieni vidimbwi, safisheni mifereji, mwageni mafuta juu ya maji yaliyotuama. Mwaka 1901 alirudi Freetown, na kikosi cha vibarua kikafanya kazi hiyo hasa.

Ushauri huo ungewafaa watu wote wa mji, Mkrio na Mzungu, tajiri na mchukuzi wa bandarini. Lakini ulitaka kufanywa leo na kesho na kila mvua inyeshapo, tena kwa fedha.

MTOTO AKAITWA GHALA

Mwaka 1900 wataalamu wengine wawili, Stephens na Christophers, waliotumwa na tume ya malaria ya chama cha wanasayansi cha London, walipima damu za watoto wa Kiafrika. Walikuta kwamba watoto wadogo, hata wale waliokuwa wakicheza na kucheka, mara nyingi wana vimelea katika damu yao. Watu wazima walikuwa navyo kwa uchache zaidi, kwa kuwa miili yao ilikwisha kupambana na ugonjwa huo miaka mingi.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli. Ni kweli mpaka leo, na kila muuguzi wa kliniki ya watoto anaujua. Basi fikiri, msomaji, wewe ungefanya nini na habari hiyo. Umeambiwa kwamba watoto wa mji wote wanaumwa, na kwamba kutoka kwao mbu anachukua ugonjwa na kuupeleka kwa wengine. Dawa ipo: kwinini ilikwisha kujulikana miaka mingi.

Wataalamu wale wakashauri kwamba Mzungu ahame akae mbali na watoto hao. Mtoto akahesabiwa kuwa ghala la ugonjwa, na ghala likiwaka moto watu hukimbia. Ushauri wao ulipendeza sana London, katika ofisi ya Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain. Ulikuwa rahisi kuuelewa, na juu ya hayo uliipa sura ya sayansi tamaa iliyokuwapo tangu zamani.

Si kila mkubwa aliyekubali. William MacGregor, gavana wa Lagos wakati huo na daktari kwa taaluma, alikataa kuugawa mji wake kwa rangi. Yeye alitaka kwinini igawiwe na maji yaliyotuama yaondolewe, kwa faida ya wote. Namtaja kwa sababu watu husema kwamba zama zile hakuna aliyejua jambo jingine la kufanya. Lilijulikana, na lilifanywa, umbali wa siku chache tu kwa meli.

Freetown wakachagua kilima. Maili nne hivi kutoka mjini, kati ya futi 700 na 900 juu ya bahari, msitu ukafyekwa. Nyumba ziliagizwa Uingereza, zikaja melini vipande vipande, mbao zimekwisha kukatwa kwa kipimo, zikaunganishwa kilimani juu ya nguzo zile tunazoziona pichani. Chini ya kila nyumba palisakafiwa ili maji yasituame. Na kwa kuwa makarani wakuu na majaji hawangeweza kutembea maili nne chini asubuhi na maili nne juu jioni, ikajengwa reli. Ilifunguliwa mwaka 1904. Upana wake ulikuwa futi mbili na inchi sita, mwembamba kuliko Reli yetu ya Kati yenye mita moja, nayo ilipanda kwa mizunguko maili tano na nusu hivi, ikapita karibu na msufi mkubwa uliokuwa alama ya mji. Asubuhi treni iliteremsha serikali, jioni iliipandisha.

Gharama zilitoka katika hazina ya koloni, ambayo mapato yake yalikuwa ushuru wa forodha na kodi za watu wa nchi. Kumbuka kwamba mwaka 1898 tu, watu wa bara, wakiongozwa upande wa kaskazini na Bai Bureh, walikuwa wamepigana na Waingereza kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Tena sayansi ya kilima ilikuwa na tundu lake. Kama tatizo lilikuwa damu yenye vimelea, Mkrio daktari aliyekunywa kwinini na kulala katika chandarua hakuwa na hatari zaidi ya Mzungu mwenzake, ambaye pengine alikuwa amekwisha kuumwa mara tatu. Hata hivyo hakuruhusiwa kuishi kilimani. Na mwaka 1902, reli ikiwa bado haijafunguliwa, Uingereza iliunganisha idara za madaktari za Afrika Magharibi kuwa utumishi mmoja, ikaweka sharti kwamba anayeomba kazi awe wa asili ya Ulaya. Easmon alikuwa amekufa mwaka 1900. Mji uliomlea yeye na Horton sasa uliambiwa kwamba vijana wake hawafai kutibu malaria katika utumishi huo, bali wanafaa kuikimbiwa. Wakrio walichukizwa sana. Wenye nyumba mjini walipoteza wapangaji, lakini si hilo lililowauma zaidi.

Huko nyuma ya picha yangu hakuna jina la mpiga picha. Miongoni mwa waliokuwa wakipiga picha na kuuza kadi za Freetown, mashuhuri zaidi walikuwa ndugu wa Lisk-Carew, Wakrio. Mkubwa wao katika kazi, Alphonso, alifungua studio yake mwaka 1905. Siwezi kumpa yeye kadi hii kwa kubahatisha. Lakini kila niitazamapo hufikiri kwamba yule aliyebeba kamera yake nzito mpaka juu, akangoja jua likae sawa, huenda naye alipaswa kuteremka kabla ya giza.

UWANJA ULIO KATI

Mkaazi wa Dar es Salaam asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa Kijerumani, alifanya kazi juu ya malaria hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, wakati hospitali ile ya ufukweni, Ocean Road, ilikuwa mpya. Fikra yake ilikuwa tofauti na ile ya Freetown: kimelea kitafutwe katika damu ya kila mtu na kuuawa kwa kwinini. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wajerumani walilijaribu jambo hilo mjini, damu za Waafrika zikapimwa pia. Tusiwasifu kupita kiasi. Watu hao hao ndio waliokuja kuizima Maji Maji kwa risasi na njaa. Walakini katika suala la mbu walifanya jambo ambalo kilima cha Freetown hakikulifanya.

Waingereza walipoingia, mji uligawanywa katika kanda kwa aina ya majengo, na sote twajua majina ambayo wananchi walizipa kanda hizo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya mji wa biashara na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, pasijengwe nyumba. Makoloni ya Afrika Magharibi yalikwisha kuweka hata kipimo cha uwanja wa namna hiyo, yadi 440, kwa kufikiri kwamba mbu hataruka zaidi ya hapo. Uwanja wetu ni Mnazi Mmoja. Leo mamia ya watu hupita hapo kwenda na kurudi kazini, watoto hucheza mpira, na wachache sana hujiuliza kwa nini katikati ya mji wenye haja kubwa ya ardhi pana nafasi kama hiyo.

Mama Mkubwa hakuhitaji kuelezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa yaya katika nyumba moja ya Uzunguni. Alilala uani, katika chumba cha watumishi, lakini hakuruhusiwa kuwa na mtoto wake humo. Mtoto huyo, mzaliwa wake wa kwanza, alikuwa Buguruni kwa mama yake mdogo. Kila jioni, saa kumi na mbili, kazi yake Mama Mkubwa ilikuwa kushusha chandarua juu ya kitanda cha mtoto wa bwana, kuchomeka pindo zake chini ya godoro pande zote nne, kisha kuingiza mkono na kupapasa ndani, asije akabaki mbu hata mmoja.

"Nilikuwa na mkono mwepesi," aliniambia. "Yule mtoto hakuwahi kuumwa na homa mikononi mwangu."

Wa kwake alishikwa na homa siku ya Jumanne. Habari zilimfika Alhamisi. Alipopata ruhusa ya kwenda Buguruni walikuwa wamekwisha kuzika. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Mimi nimekua nikijua kwamba Mama Mkubwa alifiwa na mtoto. Habari za chandarua nilizisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, picha ya Freetown ikiwa mapajani mwake.

TRENI ILIPOKOMA KUPANDA

Reli ya kilima haikudumu. Motokaa zilikuja, barabara ikatengenezwa, na mwaka 1929 treni ikaacha kupanda. Reli yenyewe ya Sierra Leone, iliyokwenda bara mpaka Pendembu, ilifungwa katikati ya miaka ya 1970; mabaki ya vichwa vya treni na mabehewa yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Cline Town, lililofunguliwa mwaka 2005. Nchi ilipata uhuru wake tarehe 27 Aprili, 1961. Chuo cha Fourah Bay kilikuwa kimekwisha kuhamia mlima mwingine, Mount Aureol, baada ya Vita Kuu ya Pili, na hivyo vijana wa Kiafrika wakakaa juu na kuutazama mji chini, usiku na mchana. Hill Station nayo ni mtaa wa wenye uwezo, na makazi ya Rais yako huko. Baadhi ya nyumba zile za nguzo zilidumu zaidi ya miaka mia. Msufi mkubwa uliopitwa na treni uliangushwa na dhoruba tarehe 24 Mei, 2023.

Vilima vyenyewe vimejaa nyumba, nyingi za watu maskini waliokosa pa kukaa chini. Miti imekatwa. Tarehe 14 Agosti, 2017, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima ulimeguka upande wa Regent, na watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Siku za Hill Station kilima kilikuwa mahali pa usalama kwa wachache waliochaguliwa. Sasa anayejenga mteremkoni huenda ni yule aliyekosa kuchaguliwa popote.

Na malaria? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 iliua watu 608,000 duniani. Katika kila vifo 20, vifo 19 vilitokea katika kanda ya Afrika, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, yaani wale wale waliopimwa damu na Stephens na Christophers mwaka 1900. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipendekezwa na shirika hilo Oktoba, 2021, nayo inatolewa kwa watoto hao. Sierra Leone ilianza kuitoa tarehe 25 Aprili, 2024. Tangu Ross alipotembea katika vidimbwi vya Freetown mpaka sindano hiyo ni karibu miaka 125.

Nilipokuwa nikiondoka, Mama Mkubwa aliomba nimwachie ile kadi. Nikadhani ataiweka pamoja na vitu vya kaka yake. Nilipopita tena Jumapili iliyofuata niliiona imechomekwa katika fremu ya kioo chake, lakini ameipachika kwa namna ya ajabu: nyumba zote za nguzo, msitu na bahari vimejificha nyuma ya mbao, na sehemu inayoonekana ni ile ya pembeni tu, alipo yule mtu wa nguo nyeupe.